Kama Una Chombo, Kwa Nini Urudi Mchangani?

Mjomba wangu amevua papa tangu kabla sijazaliwa, na hajapata kumvua hata mmoja akiwa amesimama nchi kavu. Kwa hiyo nilipomtumia video ya kwanza kutoka ufuko wa Padre Island, kusini mwa Texas, sikujua ataipokeaje. Video yenyewe ni ya dakika sita. Ninaonekana nikipiga kafi kuvuka mawimbi na kayaki yangu, nyuma yangu kuna kipande cha samaki taa cha kilo mbili. Nafika mbali mpaka ninakuwa doa. Natupa kitu majini, nageuza, narudi, navuta kayaki juu, kisha nakaa kwenye kiti cha kukunja kando ya fimbo.

Aliitazama yote. Baada ya dakika kama saba ikaja sauti, nyuma yake injini za boti pale Deep Sea, Tanga. "Mjomba, nimeona. Mkono wa kafi unao, Mungu akuzidishie. Ila hapo mwisho sijakuelewa. Chombo unacho. Kwenye samaki umeshafika. Sasa kwa nini urudi mchangani?"

Nilimjibu kwa kicheko kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Kwetu papa ni samaki wa jarife. Unatoka na chombo jioni, unatega wavu wa macho makubwa mahali penye kina, unalala au unajifanya umelala, alfajiri unavuta. Kilichopita kimenasa. Ndivyo silikanti walivyoanza kuonekana Kigombe na Mwarongo mwanzoni mwa miaka ya 2000: jarife za papa zilishushwa hadi kwenye kina chao, na watu wakajikuta wanamtoa kwenye wavu samaki ambaye wataalamu waliwahi kuamini ametoweka duniani. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2009 inaitwa kwa jina lake. Ninayataja haya ili uione akili ya mjomba. Samaki akiwa mbali, chombo kinakwenda mbali. Akiwa chini, wavu unashuka. Habari ya kumpelekea chambo huku mwenyewe umebaki nyuma haimwingii.

Huku nilikohamia mambo ni mengine. Ninaishi San Antonio, kazi yangu ni ya ghalani, zamu ya usiku, na bahari ya karibu iko Corpus Christi, kama kilomita 230. Boti ya kutoka nje ina bei yake, tela lake, bima yake na gari la kuivuta. Ufuko hauna hayo. Sheria ya Texas ya mwaka 1959 inaulinda ufuko wa Ghuba kuwa wa umma, na ndani ya hifadhi ya taifa ya Padre Island mchanga wenyewe ndio barabara: ukilipa kiingilio na una leseni ya kuvua, mbele yako kuna kilomita 96 bila nyumba hata moja. Kilomita nane za mwanzo gari lolote linapita, zilizobaki zinataka 4x4 na koleo. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Julai unaendesha taratibu kuliko kawaida, kwa sababu kasa wa Kemp, wadogo kuliko kasa wetu, hupanda kutaga mchana kweupe, na ukiwa na haraka unaweza kumkanyaga ukadhani ni kifusi cha mwani.

Basi tunavulia mchangani kwa sababu ndiko mfuko unakoturuhusu kusimama. Samaki yeye hajali mfuko wetu.

Ufuko wa Padre umelala kama ngazi iliyochoka. Unaingia majini, maji yanakufika kiunoni, halafu ghafla kifuani: hapo uko kwenye mfereji wa kwanza. Unapiga hatua chache, unapanda fungu la mchanga, maji yanarudi mapajani. Baada ya fungu kuna mfereji wa pili, huo hukanyagi chini. Halafu fungu la pili, mfereji wa tatu, fungu la tatu. Ukikaa juu ya gari ukatazama, unayaona mafungu bila kuingia majini: ni ile mistari mitatu myeupe ambapo mawimbi yanaumuka na kuvunjika. Pale maji yanapotulia rangi ya kijani ndipo penye kina. Fungu la tatu mara nyingi liko mita 150 na zaidi kutoka ulipoegesha, na imani ya kila mtu niliyekutana naye mwanzoni ilikuwa moja: papa wakubwa wako nje ya fungu la tatu. Kwa hiyo vua huko au kalale.

Kurusha kwa mkono hakukufikishi. Nina fimbo ya futi 12 na chubwi, ule uzito wa kuzamisha uzi, la gramu 170. Kwa chambo chembamba ninafika mita 80 siku ninayojisikia kijana. Lakini papa mkubwa hafuati kipande cha kamba kochi. Anataka nusu kolekole, bawa la taa, mkizi mzima. Kitu cha kilo moja na nusu hakirushwi. Unazungusha fimbo kwa nguvu zako zote, kinaruka kama kandambili, kinaanguka mita ishirini, au kinachomoka kwenye ndoana angani na ndege mwari wanakidaka. Imenitokea. Mwari wa Texas wananijua.

Wazo langu la kwanza la kujiokoa lilikuwa la Kitanga kabisa. Kwetu bamvua likipwa, bahari inahama. Unatembea kwa miguu hadi mwamba, akina mama wanachokoa pweza pale ambapo baadaye ngalawa itapita, na wando, ule uzio wa kutegea samaki, hujengwa kwa kutegemea hilo hilo: samaki anakuja mwenyewe na maji, maji yanamwacha. Nikapiga hesabu. Nitashuka na maji ya kupwa, nitembee mita mia tatu nimebeba chambo begani, nikiweke chini kwa heshima, nirudi na uzi, halafu bahari ije yenyewe imlete papa. Usiku nikafungua jedwali la maji la Corpus Christi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku ile haikufika nusu mita. Nilidhani nimesoma vibaya. Tanga bamvua linapita mita tatu! Ghuba ya Meksiko inapumua kidogo tu, kama mtoto aliyelala, na ule mpango wangu wote ukafia kwenye simu.

Wazo la pili, tiara, yaani kishada. Usicheke: huko Visiwa vya Solomon wamevua kwa tiara tangu enzi, chambo kinaning'inia juu ya maji mbali na mtumbwi. Wengine hutumia puto. Unafunga chambo chini yake kwa uzi mwembamba, upepo unalisukuma nje, likifika unakotaka unavuta kwa nguvu, uzi mwembamba unakatika, chambo kinazama. Sasa shida iko kwenye maneno "upepo unalisukuma nje". Upepo wa kawaida wa pwani hii ni wa kusini-mashariki, unatoka baharini kuja nchi kavu, na unavuma kwa bidii ya mtu anayelipwa. Unageuka kaskazini miezi ya baridi tu, hewa baridi inaposhuka kutoka bara, siku mbili tatu, halafu unarudi ulikokuwa. Ningekuwa Tanga ningengoja umande, ule upepo wa alfajiri unaozitoa ngalawa nje bila jasho. Huku umande wenyewe ni jina tu. Na puto lililopasukia baharini ni plastiki kwenye koo la kasa yule yule niliyempunguzia mwendo. Nilikuwa nimenunua pakiti moja. Watoto walizimaliza siku ya kuzaliwa.

Droni sitaizungumza sana. Inabeba chambo, inakiachia popote unapotaka, kazi imekwisha. Hifadhi za taifa za Marekani zilizipiga marufuku mwaka 2014, kwa hiyo Padre hazirushwi. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: mwaka 2022 idara yao inayosimamia uvuvi ilitamka kwamba kuvua kwa kujifurahisha kwa kutumia droni, vimashua vya rimoti na rili za umeme ni kinyume cha sheria. Watengenezaji wa vifaa wakaenda mahakamani, wakashindwa. Mimi nimefurahi, na najua furaha yangu ina wivu ndani yake. Nilikuwa nimeshaangalia bei.

Hao hao Waafrika Kusini wana ujanja wa zamani ninaouheshimu kuliko droni. Unarusha chubwi peke yake, lenye kucha za waya, bila chambo, kwa hiyo linakwenda mbali. Likishang'ang'ania chini unakaza uzi. Kisha unachukua chambo chako kizito, kimefungwa kwenye kishikizo kinachoteleza upande mmoja tu, unakipachika kwenye uzi ule ule na kukiachia. Mawimbi na mkondo vinakishusha kidogo kidogo mpaka kigote karibu na chubwi, na kurudi hakiwezi. Uzuri mtupu. Ila unataka usimame juu, mwambani au kwenye gati, uzi ushuke kama kamba ya kuanikia nguo, na maji yawe na kina hapo hapo mbele yako. Padre ni sinia. Nilijaribu mara tatu, na mara zote tatu chambo kilikwama kwenye fungu la kwanza. Mara ya tatu nilipokivuta kilikuja na kaa wawili wa buluu, wanakula bila wasiwasi.

Mwamba wenye kina ndio uliompa William Selkirk yule papa mweupe wa ratili 2,176, karibu kilo 987, pale Hermanus mwaka 1922. (Leo papa mweupe hagusiki huko, Afrika Kusini inamlinda tangu 1991.) Gati ndilo lililompa Walter Maxwell papa chui wa ratili 1,780, yaani kilo 807, pale Cherry Grove, South Carolina, mwaka 1964. Corpus Christi nayo ilikuwa na gati lake la wavuvi wa papa, Bob Hall, lililokuwa linakuvusha juu ya mafungu kwa miguu mikavu. Kimbunga Hanna kililivunja Julai 2020, miezi michache kabla sijaanza uvuvi huu. Habari za watu hawa nilizisoma usiku ghalani, wakati wa mapumziko, na nilichokiona mimi kilikuwa uzito wa samaki. Kwamba hakuna kati yao aliyesumbuka na umbali, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesimama karibu na kina, hilo lilinipita.

Nikanunua kayaki.

Ya mitumba, ya kukaa juu, mita tatu na nusu, rangi ya papai lililopitiliza. Mwenzangu wa safari hizi ni ndugu mmoja kutoka Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, aliyekua akivua dagaa usiku kwa taa. Tulikutana ghalani. Yeye bahari haiamini kwa sababu ni chumvi na kwa sababu haina ng'ambo inayoonekana, kwa hiyo tangu mwanzo tuligawana: mimi naingia, yeye anabaki na fimbo. Watu hudhani anayebaki anapumzika. Hapana. Rili imefunguliwa, uzi unatoka wenyewe ninavyosonga, na kidole gumba chake lazima kiuguse kwa wepesi. Akiuacha huru rili inazunguka kuliko ninavyovuta, uzi unajisokota kama nywele za asubuhi. Akiukandamiza, anaivuta kayaki kwa nyuma wakati wimbi liko mbele yangu.

Mpangilio wangu ni huu. Waya wa mita tano nimeukunja ndani ya ndoo, bila fundo. Chambo kiko nyuma yangu, ndoana inatazama nje. Ndoana ni duara, kwa sababu tangu Septemba 2020 Texas hairuhusu nyingine kwa papa katika maji yake, na ni sheria nzuri: inamnasa kwenye pembe ya mdomo badala ya tumboni. Boya kifuani, kisu juu ya boya, upande wa mkono wa kulia. Uzi hauzungushwi mkononi, hauzungushwi mguuni, haufungwi kwenye kayaki. Hilo sitanii. Papa akikishika chambo ukiwa bado umekikalia, unataka aondoke nacho peke yake.

Alfajiri ndiyo saa nzuri, kabla upepo haujaamka. Mawimbi huja kwa makundi. Unasimama na kayaki kiunoni, unahesabu, kundi likipita unaruka juu na kupiga kafi kama unadaiwa. Kila wimbi unalikabili kwa pua ya chombo. Ukishavuka la tatu, bahari inanyamaza, na kwa dakika moja unajisikia mtu wa maana. Mkondo wa pembeni unausukuma uzi wakati wote huo, kwa hiyo huendi moja kwa moja, unapanda kidogo upande unakotoka mkondo. Unapofika unashusha chambo kwanza, waya unafuata, mwisho chubwi lenye miguu minne ya waya inayojichimbia mchangani. Unanyanyua kafi juu. Ndugu yangu kule anafunga rili na kukaza.

Kwenda si kazi. Kazi ni kurudi, maana sasa wimbi liko nyuma na hulioni. Likishika tako la kayaki linaigeuza ubavu, na hapo kuna sekunde moja ya kufanya jambo ambalo mwili wote unalikataa: kuliegemea wimbi lenyewe, kulilalia kama mto. Mimi nilifanya ambacho kiumbe yeyote angefanya, niliegemea upande wa pili. Kayaki ikanipindukia. Ilinigonga begani, ikanitangulia pwani na kafi langu na kofia yangu, mimi nikabaki nimesimama juu ya fungu la pili, maji kiunoni, nakohoa chumvi kama mgeni. Nilipofika mchangani ndugu yangu alikuwa amekaa chini. "Niliona mtumbwi unakuja," akasema, "wewe hauko ndani. Nikasema basi, sasa nitaambia nini mama watoto?" Hatukuvua tena siku ile.

Msimu wa pili nilikuwa nimeiva. Mita 300. Mita 350. Tulikuwa tunapima kwa alama ndugu yangu alizofunga kwenye uzi, na nilikuwa natangaza umbali kabla sijataja samaki. Ninamkumbuka kijana mmoja jirani yetu akisema amefika 400, nikalala vibaya.

Samaki walikuwa wanapatikana, sitadanganya. Papa wa pezi jeusi, mbio nyingi, mkono unauma, tunamrudisha. Lakini kulikuwa na jambo ambalo ndugu yangu aliliona kabla yangu. Kila tulipovuta uzi baada ya kupoteza chambo, alama zilikuwa chache. Tumeweka kwenye 350, tunavutia kwenye 200. Chubwi lilikuwa linatembea.

Kaa na hesabu hii kidogo, maana ndiyo iliyonigeuza. Uzi wa nailoni wa kuvulia papa una unene wa karibu milimita moja. Zidisha kwa mita 350. Unapata theluthi ya mita ya mraba na ushei, yaani foronya ya mto iliyotandazwa ndani ya maji, ubavu ukiwa umeukabili mkondo. Kila mita unayoongeza unaongeza tanga. Halafu ongeza mwani: majira ya kuchipua na kiangazi Ghuba inaleta mwani wa kahawia kwa malundo, unanasa kwenye uzi, foronya inageuka shuka. Ndiyo sababu magari ya wazoefu yana jukwaa juu, fimbo zimesimama huko kama milingoti. Wanataka uzi upite juu ya mawimbi ya karibu badala ya kupita ndani yake. Unaweza kuongeza uzito wa chubwi. Nimefika nusu kilo. Mkondo wa Padre haukushtuka. Chubwi linakokotwa kando na ndani, kando na ndani, linavuka fungu, linadondoka kwenye mfereji, hapo linatulia.

Na hapo ndipo papa wangu wengi walipokuwa wanashika. Kwa muda mrefu niliita ile bahati iliyoharibu kazi nzuri.

Aliyelitamka wazi ni mzee mmoja tuliyemkuta upande wa Big Shell, Oktoba. Sehemu ile ni ya ajabu: mkondo wa pwani kutoka kaskazini unakutana na ule wa kutoka kusini, vyote vilivyobebwa vinaachwa hapo, makombe, magogo, chupa, kofia za mabaharia. Mchanga umechanganyika na makombe, magari yanazama, na ufuko wenyewe una mteremko, hauna usinia wa kule mbele. Mzee alikuwa peke yake, Mmarekani wa asili ya Meksiko, kiti, fimbo mbili kwenye mabomba ya plastiki yaliyochomekwa mchangani. Kayaki hana. Nilimwamkia, tukazungumza kwa Kiingereza chake na changu. Akaitazama kayaki ya rangi ya papai juu ya gari letu, akauliza tunapeleka wapi. Nikasema, kwa sauti ambayo sasa inanitia aibu, mita 350.

"Kina chake?" akauliza.

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kupima kina. Nilikuwa najua umbali tu.

Akasema chake anakijua, ni hapa, akaweka kiganja kifuani. Kisha akanyoosha kidole kwenye mfereji wa kwanza, kama mita thelathini kutoka miguuni petu. Maji yalikuwa yanachemka. Mkizi. Oktoba na Novemba mkizi wa Texas hutoka kwenye maji ya ndani na kushuka na pwani kwa maelfu, na njia yao ni mifereji, hasa ile ya karibu, kwa sababu kule nje wanaliwa. Hata wakati tunaongea walikuwa wanaruka. Hasira ya mkizi, tijara ya mvuvi, nikamtafsiria, akacheka akasema papa nao wanaijua methali hiyo. Chakula kiko hapa, akasema, wewe kila alfajiri unakivuka kwa kafi.

Tuliegesha mbali kidogo naye ili tusimharibie. Jua lilipozama sikuishusha kayaki. Niliingia kwa miguu hadi maji kifuani, nikiwa na nusu mkizi, nikasimama ukingoni mwa fungu la kwanza na kukirusha kwenye mfereji wa pili. Ukipima kutoka kwenye fimbo, mita sitini. Chubwi la gramu 225 tu, na halikusogea. Uzi mfupi, tanga dogo. Ndugu yangu aliniuliza kama nimeumwa.

Saa mbili na nusu usiku rili ililia. Ule mlio wa kwanza huwa wa polepole, tik, tik, halafu unakuwa mmoja. Na ndoana duara huinui fimbo kwa pupa. Unafunga breki taratibu, unaiacha ijigeuze yenyewe mdomoni. Hakukimbilia bahari kuu. Alikwenda kando, ndani ya mfereji, sambamba na pwani, nasi tukamfuata kwa miguu, fimbo kiunoni, zaidi ya mita mia mbili. Dakika ishirini na tano. Tulipomulika tochi alikuwa kwenye maji ya magotini: yule mnene, kichwa kifupi, macho madogo, ambaye Waafrika Kusini humwita Zambezi kwa sababu hupanda mito. Urefu ulinizidi kidogo, na mimi si mfupi. Hatukumtoa majini. Nilishika mkia, ndugu yangu, mtu asiyeiamini bahari, akaingia hadi mapajani na mkasi wa vyuma, akakata ndoana. Tukamgeuza, tukangoja apate pumzi, akatoka mkononi mwangu kwa pigo moja lililonilowesha mpaka masikioni.

Hapo ndipo nilipokumbuka ni mara ngapi nimeupita mfereji ule kwa miguu, gizani, bawa la taa begani linadondosha damu.

Kayaki sijaiuza. Kuna asubuhi za Julai na Agosti, mwani haupo, maji ya bluu yamekuja mpaka ufukweni, mkondo umelala, na papa chui na wale wenye kichwa cha nyundo wako kweli nje ya fungu la tatu. Siku hizo natoka, lakini nina bildi sasa, kamba na risasi kama mabaharia wa zamani, na ninaangusha chambo pale kamba inaponiambia nimevuka fungu na chini kumeshuka. Mara nyingine ni 280. Mara nyingine ni 140, narudi mapema, ndugu yangu anadhani nimeogopa. Wa kichwa cha nyundo ndiye ninayemwogopea zaidi, na si meno yake: akipigana sana anakufa hata ukimrudisha, kwa hiyo akishika huyo tunavuta kwa nguvu na kuharakisha, na picha haipigwi.

Nilimtumia mjomba video ya yule wa Oktoba. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mvua, bei ya mafuta ya boti. Kisha sauti yake:

"Huyu umempata mita ngapi?"

"Sitini, mjomba."

"Sitini. Na kutoka kwako hadi hapo baharini?"

Nikamwambia zaidi ya kilomita 230 za lami, na karibu 30 za mchanga.

"Halafu mkamrudisha."

"Tukamrudisha."

Ikaja sauti ya sekunde arobaini. Nusu yake ni upepo na mtu anayeita majina ya samaki kwenye mnada. Nilidhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Mwishoni akasema, "Unajua ng'onda wa papa siku hizi kilo inauzwaje?" Akakohoa. "Mjomba, mimi naona hapo chambo kilichopelekwa mbali ni wewe."

Kisha akauliza kama ile pesa ya nyavu nimeshatuma.